Mkuu Aliyekula Ugali wa Mtama

Niliamini kabisa, na ningeapa mbele ya hakimu yeyote, kwamba kiongozi wa magaidi aliyekuwa akisakwa na nchi mbili alikuwa amejificha chini ya ardhi huko Nyarugusu, ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, pamoja na wake saba, jokofu lililoendeshwa kwa injini ya trekta, na ng'ombe wa maziwa aliyevishwa raba miguuni ili kwato zake zisisikike huko juu. Niliamini pia kwamba kutoka kwenye duara hilo lilichimbwa handaki lililopita chini ya Kahama, likapita chini ya mji wetu wa Shinyanga, likatokea Maganzo, ili bwana huyo akichoka na dhahabu aende akachukue almasi. Watu walisema ukilaza sikio chini utasikia trekta. Mimi nililaza. Nilisikia.

Wanaonijua watasema natia chumvi. Kawaida natia, sikatai. Mtu akiniuliza kambare niliyemvua bwawani alikuwa na ukubwa gani, kwanza namwomba asogee nipate nafasi ya kunyoosha mikono. Lakini habari hii ilinifikia ikiwa imeshakolezwa na wengine. Mimi niliipokea nikaila ilivyo, na nilikuwa na sababu ya kuila.

Sababu ilikuwa mdogo wangu. Alikuwa ameondoka nyumbani kwa mama yetu, kijijini nje kidogo ya mji, akaenda kuchimba dhahabu Nyarugusu ili arudi na mabati ya kuezekea nyumba ya mama. Mwanzoni salamu zake zilikuja na madereva wa malori: mwambieni mama niko mzima, mwambieni aniletee michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, na Msukuma akiwa ugenini huota michembe kabla hajamwota mchumba. Mama alianika, akafunga kwenye kitambaa, dereva akapeleka. Ikaja masika. Baada ya masika salamu zikakatika. Kila dereva niliyemuuliza aliniambia machimboni watu wanahama kila kukicha, leo wako rashi hii, machimbo mapya yaliyovumishwa, kesho ile, na hakuna anayejulikana kwa jina la kwao. Wanaitana kwa majina ya utani, na ukihama unaliacha na lile la utani.

Kwa hiyo mtu aliposema Mkuu ana vijana wanaomchimbia handaki, vijana aliowateka na kuwafungia huko chini, mimi sikuogopa kama wengine. Nilishukuru. Mtu anayechimba handaki la gaidi angalau anapumua.

Miaka hiyo ilikuwa ile ya baada ya vita, sabuni ilipokuwa adimu kuliko almasi na tairi la baiskeli lilipokuwa likirithiwa kama shamba. Nilikuwa fundi baiskeli. Kazi yangu niliifanyia barazani kwa mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, mwenye duka la vitambaa na vikorokoro, ambaye alizaliwa palepale Shinyanga kama baba yake, na Kisukuma chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Redio yake aliielekeza barazani ili sote tusikie. Mimi nilikuwa mhitimu wa elimu ya watu wazima, darasa la jioni, na cheti changu nilikitundika ukutani juu ya pampu, mteja akiinama kujaza upepo akiinuka tu akione. Kwa ajili ya cheti hicho nilipewa kazi ya kuwasomea watu gazeti. Lilikuwa la wiki iliyopita, mara nyingine lilikuwa limeshafungia karanga, lakini nilipolisoma kwa sauti ya mtangazaji, habari zote zilirudi kuwa mbichi.

Jina la gaidi lilitajwa redioni. Sisi hatukulitamka, tulimwita Mkuu. Alikuwa amelipua baa na kuchoma basi huko mpakani, watu wakafa, kisha kundi lake likasambaratishwa naye akatoweka. Redio ikasema anaaminika kuwa amejificha mahali pasipojulikana. Maneno hayo yaliwapa watu wa barazani kazi ambayo serikali mbili zilikuwa zimeishindwa.

"Yuko Kigosi porini," alisema fundi cherehani, jirani yangu pale barazani. "Anakaa na warina asali."

"Nyuki hawataki bunduki," mwingine akamjibu. "Huyo amenyoa ndevu, amevaa gauni, anauza dagaa stendi ya Kahama. Shemeji yangu amenunua kwake. Anasema vipimo vyake vizuri sana."

"Gaidi mwenye vipimo vizuri?"

"Ndiyo maana shemeji alimshuku."

Tulicheka mpaka mzee wa duka akatoka na rula yake ya kupimia vitambaa kuuliza kama kuna aliyekufa.

Ndipo akaja dereva wa lori la pamba, aliyekuwa ametoka upande wa Geita. Alikunywa maji kwanza, maana aliyajua mambo haya yanavyosimuliwa, halafu akasema kuna duara kule Nyarugusu limezungushiwa miiba pande zote. Ukiuliza wachimbaji ni la nani, wanageuza uso. Ukisogea, wanakushika shati wanakurudisha. Na jioni mdomoni mwa duara, kwenye upenyo wa miiba, huwekwa sahani ya ugali na mlenda. Asubuhi sahani tupu.

"Mbwa hao," alisema fundi cherehani.

"Mbwa gani anakula mlenda?"

"Wa kwako anakula hata sabuni."

"Sabuni ameitoa wapi?"

Dereva alisubiri tumalize kucheka. "Na siyo ugali wa muhogo," akasema. "Kule wote wanakula muhogo, wa kwao huo, mweupe. Ule wa kwenye sahani ni wa mtama. Mwekundu. Sasa niambieni. Nani anapikiwa mtama peke yake kwenye nchi ya muhogo?"

Hapo hakucheka mtu. Ilikuwa wazi: aliyemo si wa kule, na ni mkubwa kiasi cha kupikiwa chake. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshampa wake saba, jokofu na ng'ombe mwenye raba.

Mzee wa duka ndiye pekee aliyetusumbua. Alisimama mlangoni akasema, "Handaki kutoka Nyarugusu mpaka Maganzo. Haya. Udongo wake uko wapi?"

Akaelekeza rula yake uani.

"Nilipochimba choo hapo nyuma, udongo ulibaki kilima, watoto wakapanda juu wakawa wanachungulia jikoni kwangu. Huyu amechimba nchi nzima. Kilima chake kiko wapi?"

"Anaula," mtu akajibu.

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Habari ilimfikia mama gulioni, akiwa kwenye foleni ya kupima pamba. Aliiacha pamba yake kwa jirani akaja mjini kwa miguu. Nilimwona akitokea kwenye vumbi, kitenge kimefungwa kifuani, nikajua amekuja na neno, maana mama yangu hakuwa mtu wa kuja mjini kuangalia magari. Alimsalimia mzee wa duka, akaitikiwa kwa Kisukuma, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Dereva alikuwepo, anazibiwa tairi.

"Ni wewe uliyeiona sahani?" mama akamuuliza.

"Ni mimi, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba. Ugali wa nini?"

"Mtama."

"Mwekundu?"

"Mwekundu, mayu."

Mama alinigeukia. Hakuwa na uso wa mtu aliyesikia habari za gaidi. "Huyo ni mdogo wako," akasema.

Mdogo wangu alikuwa hali muhogo. Tangu akiwa wa kubebwa, muhogo ulimvimbisha tumbo likawa kama ngoma, na mwaka wa njaa, wote tulipokula muhogo wa msaada, mama alizunguka nyumba za watu akiomba mtama wa mbegu ili yeye apate chake. Kijiji kizima kilijua. Mama alikata shauri pale pale barazani. Mkuu wenu, alisema, sina habari naye. Anayekula hapo ni mwanangu. Amefungiwa humo anachimba, na kuna mtu mwenye huruma anayejua kwamba hali muhogo.

Jambo hili lilikuja wakati mbaya, au wakati mzuri, sijui niseme vipi. Baba mkubwa alikuwa ameshatamka kwamba sasa imetosha, tuweke matanga, tunyoe nywele, tumwache kijana apumzike. Kwetu msiba bila maiti ni mzito kuuanza, lakini usipoanzwa nao hauishi. Unakaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Mama aliporudi kijijini aliwakuta wazee wamekaa tayari.

"Hatunyoi kwa ajili ya mtu anayekula," aliwaambia, akaingia ndani kuanika michembe.

Tuliondoka yeye na mimi. Mzee wa duka aliniita nyuma ya kaunta akanipa sukari iliyofungwa kwenye karatasi, sukari, kitu ambacho serikali ilikuwa inakitafuta kwa bidii kuliko Mkuu mwenyewe. "Mpe anayepika huko," akasema. "Usiseme umeitoa wapi." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Fundi. Ukifika, angalia udongo."

Nilidhani bado anatania.

Lori lilituchukua mpaka Kahama, na lingine kutoka pale kuelekea Segese. Nilikuwa juu ya magunia nikimchekesha mama. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo nyumbani tangu baba alipofariki: mdogo wangu alilima, mimi nilichekesha. Mama alisema Mungu aliwapa wanawe wawili cheko moja, tukawa tunaazimana. Ni kweli. Tukicheka tulianza kama pampu mbovu, kwa kufyonza hewa, ndipo kishindo kikatoka. Mgeni akisikia chumba cha pili hakujua ni nani kati yetu.

Karibu na Segese tulisimamishwa na sungusungu. Wanaume wenye pinde na filimbi walikuwa wameziba barabara kwa gogo, wanamtafuta Mkuu. Walipitisha macho juu ya magunia yakanikuta mimi.

"Wewe mrefu, shuka. Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Mkuu ana jino la dhahabu," alisema aliyenichungulia. "Huyu hana jino kabisa."

"Ameling'oa akaliuza," alisema mwenzake.

"Nililing'oa kwa spana," nikasema. "Mimi fundi baiskeli. Nina cheti cha darasa la jioni."

"Cheti kiko wapi?"

"Ukutani, Shinyanga."

Wakatazamana kama watu waliompata wanayemsaka. Mama akawa ameshateremka. Alimsalimia mkubwa wao kwa adabu zote, magoti yakigusa vumbi, na alipoitikiwa akanyooka.

"Huyo ni mwanangu," akasema. "Anaogopa majogoo mpaka leo. Gaidi gani anaogopa jogoo?"

Walicheka, na mimi nikacheka zaidi yao, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa pinde zilikuwa zimeshuka. Mkubwa wao akamuuliza mama anakwenda wapi.

"Kwa huyo Mkuu wenu."

"Kufanya nini, mayu?"

"Kumwomba mwanangu. Yule mdogo. Mkuu naye ana mama."

Mkubwa wao alimtazama mama, akautazama mfuko wa michembe, akaenda kuongea na dereva. Tangu hapo mama alikaa mbele kwenye kiti, na sungusungu wenyewe waliondoa gogo haraka, kama waliotaka tuwaondokee machoni.

Nyarugusu niliikuta kama shamba lililochimbuliwa lote na mtu anayetafuta sindano. Mashimo kila mahali, vijana weupe kwa vumbi, na sauti ya mawe yanayotwangwa kwenye vinu vya chuma kutwa nzima. Mama aliangalia kila uso. Kila kijana aliyepita, yeye alimsogelea, akamchungulia usoni, akamwachia. Baadhi yao walimwamkia bila kujua anatafuta nini.

Tuliingia kwenye kibanda cha mama lishe mmoja, mwanamke wa makamo, Mzinza wa palepale. Nilimkabidhi sukari, akainusa akaificha kifuani bila kuuliza. Nikaona nimfanye rafiki kabla ya kuuliza ya kuuliza. Nikamsimulia habari za Mkuu zilivyofika kwetu: wake saba, jokofu, trekta. Nilipofika kwenye ng'ombe mwenye raba nilishindwa mwenyewe, nikaanza kufyonza hewa, kisha kishindo kikatoka.

Yule mama lishe aliacha mwiko ndani ya sufuria akanitazama.

"Ninyi ni wa wapi?" akauliza.

"Shinyanga."

Alitupakulia ugali wa muhogo na samaki. Mimi nilikula. Mama hakugusa.

"Dada," mama akamwambia, "nioneshe duara la Mkuu."

"Kula kwanza, mama."

"Nitakula nikitoka huko. Nioneshe."

Mchimbaji aliyekuwa anakula pembeni aliinuka akatoka, sahani yake haijaisha. Mama lishe alijifuta mikono kwa muda mrefu. Kisha akatangulia, sisi nyuma yake, tukipita kati ya mashimo kwenye vijia vya upana wa unyayo. Kadiri tulivyokwenda ndivyo vinu vilivyopungua sauti, mpaka tukafika sehemu isiyokuwa na mtu.

Miiba ilikuwepo, kama dereva alivyosema, matawi makavu yamepangwa duara. Sahani ilikuwepo, ya bati, yenye maua ya buluu yaliyomenyeka. Ugali wa jana ulikuwa bado nusu yake, mwekundu, sisimizi wameukuta. Mama alipouona alitoa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyefika. Alipiga magoti, akafungua kitambaa, akaanza kupitisha michembe kwenye upenyo, kipande kimoja kimoja, akiipanga kando ya ugali. Alikuwa anaongea. Alimwambia mdogo wangu kwamba ng'ombe mwekundu amezaa jike. Alimwambia mabati yasimsumbue, nyumba haivuji sana. Alimwambia Mkuu, kwa Kiswahili ili aelewe, kwamba yeye hana ugomvi naye na hatamtaja kwa mtu.

Mimi nilisimama nikaangalia udongo, kama nilivyoagizwa. Kila duara tulilopita lilikuwa na kilima chake pembeni, udongo uliotolewa ndani. Hapa hapakuwa na kilima. Ndani ya miiba ardhi ilikuwa imebonyea katikati kama kiti cha mtu mzito, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota humo. Ncha ya gogo moja ilichomoza, imekatika.

Bado nilitafuta mlango. Naandika haya nikiwa nimeota mvi, na bado naona jinsi nilivyozunguka miiba ile upande kwa upande, mtu mzima mwenye cheti, nikitafuta mahali ambapo ng'ombe mwenye raba angeweza kupita.

Yule mama lishe alinifuata upande wa pili, ambako mama yangu asingetusikia. Alinishika mkono juu ya kiwiko.

"Kaka, hakuna gaidi humu," akasema. "Hajawahi kuwepo. Matimba, magogo ya kuzuia udongo, yalikatika wakati wa masika, maji yakaingia, udongo wote ukarudi ndani. Mwenye duara alikimbia. Vijana walichimba kuwatoa waliofukiwa, mpaka upande wa pili nao ukaanza kuteremka, wakaacha. Hapa aliyefia chini hasemwi, wanaogopa dhahabu itahama. Na kwao hatukupajua. Mdogo wako, mmoja wao, alikuwa anakula kwangu. Ulipocheka pale kibandani nikajua ninyi ni ndugu zake. Sahani naweka mimi, kuwakumbuka. Wenzake wangekula muhogo, lakini yeye alikuwa hali."